Eti damu chafu? Acheni hizo!

UE zinanukia, lakini leo kitabu kinasubiri maana nimekasirika. Siku hizi hapa mabwenini zinauzwa chupa za majani "yanayosafisha damu na kuondoa kansa zote". Na wanunuzi ni sisi sisi wasomi!

Hebu tuelewane. Seli haigawanyiki kwa kujiamulia. Inasubiri ujumbe kutoka nje. Ujumbe unapokelewa na protini iliyo kwenye utando wa seli, kisha protini zinapokezana kama wakimbiaji na kijiti, mpaka amri ya kugawanyika ifike kwenye kiini. Kazi ikiisha, swichi inazimwa. Kansa inapata mwanya pale swichi inapogoma kuzimika, na breki kama p53 nazo zikikatika ndio balaa kabisa. Sasa hapo uchafu uko wapi?

Chukueni kansa ya damu iitwayo CML. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford wa Philadelphia waliona kromosomu fupi isiyo ya kawaida kwenye seli za wagonjwa. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha kwamba kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Jeni mbili, BCR na ABL, zikajikuta zimeungana, zikazaa kimeng'enya kinachotoa amri usiku na mchana bila kutumwa. Dawa ya imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, inakaa pale pale ambapo kimeng'enya hicho kingeshika ATP. Amri inakatika. Wagonjwa wengi ambao zamani wangekufa ndani ya miaka michache sasa wanazeeka, bwana!

Ila dawa hiyo haigusi kansa ya titi yenye HER2 kupita kiasi. Hiyo ina swichi yake na dawa yake. Kwa hiyo mtu akikwambia "kansa zote", hajui anachouza, au anajua na ndio mbaya zaidi.

Na msinielewe vibaya, sidharau mimea. Vinkristini imetoka kwenye ua la Madagaska. Lakini ilipimwa, ikajulikana dozi, ikajulikana na madhara yake.

Kinachoniuma ni muda. Shangazi wa jamaa yangu mmoja alikunywa hizo chupa miezi sita na uvimbe kwenye titi. Alipofika hospitali wakamkata kinyama na kupima, ulikuwa umeshasambaa.

Na nyie wa baiolojia mnaokariri njia zote hizi kwa ajili ya mtihani, halafu jioni mnachangishana elfu mbili mbili za chupa, mnafikiri mnasomea nini hasa?