MAONI: Vijana, kazi ni ya kukulisha, si ya kukupa jina

Ukijuana na mtu mpya hapa Nairobi, swali linalofuata jina ni lile lile: "Unafanya kazi wapi?" Ukitaja benki au shirika kubwa, unavutiwa kiti. Ukisema unauza simu katika duka la mtu pale Luthuli, mazungumzo yanaishia hapo. Tumepimana kwa beji za shingoni hadi sisi wenyewe tukaamini kuwa beji ndiyo mtu.

Shida ni kwamba beji hurudishwa. Mkataba ukiisha au kampuni ikipunguza wafanyakazi, unaikabidhi langoni na kwenda zako. Ndiyo maana kijana akiachishwa kazi anapoteza mshahara, na juu ya hapo anakosa la kusema akiulizwa yeye ni nani.

Mitandaoni kuna dawa moja inayouzwa sana: acha kazi, fuata ndoto yako. Maneno matamu hayo, lakini landilodi hayapokei tarehe tano. Wengi wetu tunamlipia mdogo wetu karo na kutuma pesa za dawa nyumbani. Kumwambia mtu kama huyo aache kazi akapige gitaa ni kumwonea tu.

Mimi nasema shikilia kazi yako, ila usiikabidhi nafsi yote.

Waliosoma The River and the Source shuleni wanamjua Margaret Ogola kama mwandishi. Lakini Ogola alikuwa daktari wa watoto. Riwaya hiyo ilitoka mwaka wa 1994, ikashinda tuzo ya Waandishi wa Jumuiya ya Madola mwaka uliofuata, na bado aliendelea na udaktari. Shaaban Robert naye alianza ukarani katika idara ya forodha ya Tanganyika miaka ya 1920, na akaajiriwa serikalini kwa zaidi ya miaka 30. Kusadikika kilipochapishwa mwaka wa 1951, bado alikuwa mtu wa ofisi. Nani leo anakumbuka cheo chake?

Hawa hawakungoja wapate nafasi ya kutosha ndipo waanze. Pia hawakuidharau kazi iliyoweka chakula mezani.

Kuna ushauri mwingine unaotuumiza kimyakimya, kwamba kila kipaji lazima kiwe hasla. Ukioka keki, unaulizwa bei. Ukichora, unaambiwa fungua akaunti utafute wafuasi. Pesa si dhambi, na wanaoishi kwa sanaa yao nawapigia makofi. Lakini kipaji kichanga kikibebeshwa kodi ya nyumba mapema, kinageuka kuwa bosi wa pili. Unaanza kuchora kinachouzika badala ya unachokiona, na siku wateja wakikosekana unadhani huna kipaji. Kiache kikomae kwanza. Kama kitaleta pesa, zitakuja zikikupata unajua unachokifanya.

Najua kuna atakayeuliza muda utatoka wapi. Ni swali la haki. Anayeamka saa kumi alfajiri Rongai, akarudi saa tatu usiku baada ya kukwama kwenye foleni, haitaji mtu wa kumhubiria kujipanga. Na waajiri wanaotuma kazi kwa WhatsApp saa nne usiku wajue kwamba hawaibi usingizi tu.

Hata hivyo, haba na haba hujaza kibaba. Chagua kitu kimoja, si vitano. Kitengee saa mbili kwa wiki, siku ile ile, na uzilinde kama unavyolinda zamu ya kazini. Kama nyumbani ni chumba kimoja na kelele za ploti hazikupi nafasi, maktaba ya McMillan ina matawi Kaloleni na Makadara, huko Eastlands. Kisha tafuta watu wawili watakaokuuliza, "Ile kazi umefika wapi?" Kuulizwa hivyo kutakusukuma kuliko likes elfu moja za watu usiowajua.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni la kisheria. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi uliyoibuni ukitekeleza majukumu ya ajira yako huhesabiwa kuwa ya mwajiri, isipokuwa mkataba wenu useme vingine. Kwa hivyo soma mkataba wako. Fanya sanaa yako nje ya saa za kazi, kwa simu au kompyuta yako mwenyewe. Ukiona inastahili, isajili na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Usije ukalea mtoto halafu aitwe wa mwingine.

Si lazima kila mmoja wetu awe msanii. Kuna anayejikuta akifundisha watoto wa mtaa kandanda Jumapili, na kuna anayepanda miti kando ya Mto Nairobi. La muhimu ni uwe na kitu ambacho barua ya kufutwa haiwezi kukigusa.

Na tuanze kusaidiana. Tukikutana na mtu, tumuulize pia anapenda kufanya nini akitoka kazini. Wengine watanyamaza kidogo kwanza, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza. Wape muda wajibu.