Haikusahaulika

Nina steshenari Kilwa Masoko. Si kubwa: kompyuta moja, mashine ya fotokopi inayokwama karatasi kila hewa ikiwa na unyevu, na benchi la wateja ambalo mara nyingi hukaliwa na watu wasio wateja. Kazi yangu ni kuchapa maneno ya wengine. Barua za kuomba kazi, mikataba ya kuuziana viwanja, mihtasari ya vikao, risala za kumsomea mgeni rasmi. Silipwi kwa kufikiri, nalipwa kwa ukurasa.

Mwezi uliopita alikuja mwanachuo na flashi yake, ndani yake ripoti ya mafunzo kwa vitendo. Sentensi ya kwanza ilisema Kilwa ni mji uliosahaulika. Nikaprinti, nikapiga pini, nikapokea hela yangu. Alipoondoka nikabaki na hasira, na sikujua nimwelekezee nani.

Sentensi hiyo nimeshaichapa mara nyingi mno. Imo kwenye maandiko ya miradi. Imo kwenye risala. Imo kwenye maelezo ya picha za vijana wanaokuja wikiendi kutoka Dar es Salaam, wakasimama Msikiti Mkuu wa Kisiwani, wakala pweza, wakarudi. Ikikosekana hiyo, huja dada yake: hazina iliyojificha. Kana kwamba miaka yote hii tulikuwa tunacheza kombolela, na kosa letu ni kujificha vizuri kupita kiasi.

Nasema sentensi hiyo ni ya uongo, na uongo wenyewe umekaa kwenye mkia wa kitenzi.

Mtoto akiangusha sahani hasemi "nimevunja sahani". Anasema "sahani imevunjika". Kila mama anaijua sarufi hiyo, ndiyo maana huuliza palepale: "Imevunjika yenyewe?" Shuleni tuliambiwa hiyo ni kauli ya kutendeka. Jirani yake, kauli ya kutendwa, ina mlango. Sahani imevunjwa, na nani? Unaweza kubisha hodi ukaulizia mtu. Kauli ya kutendeka ni ukuta mtupu. Mji umesahaulika, basi, na wa kumuulizia hayupo.

Haya, tuuzunguke huo ukuta tuone nani yuko nyuma yake.

Dar es Salaam imetusahau? Gesi iligunduliwa Songo Songo, kisiwa cha wilaya hii, mwaka 1974. Tangu 2004 inasafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Mtu anaweza kukaa kwenye chumba chake cha kupanga huko mjini, usiku, akaandika kwamba Kilwa imesahaulika, na taa anayoandikia ikawa inawaka kwa gesi ya Kilwa. Bomba halijatusahau hata siku moja. Wanunuzi wa pweza nao hawajatusahau. Siku za bamvua, maji yakikauka, wapo ufukweni na mizani zao, na kalenda ya mwezi wanaijua kuliko mwalimu wa madrasa.

Ulaya je, imetusahau? Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, upande wa bara ya Lindi. Wapagazi waliibeba kwa miguu, kwa siku kadhaa, mpaka bandari ya Lindi. Ilikuwa zaidi ya tani 200. Leo mmoja wa mijusi hao amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin, kimo chake mita 13 na ushei. Wanaomfuta vumbi hawawezi kuitwa watu waliotusahau.

Kwa hiyo tusiseme kusahau. Kujua vizuri kitu kilipo, kukichukua, halafu kusema mahali pale hapajulikani, hilo lina jina jingine, na wewe msomaji unalijua.

Kitabu nilichosomea historia kilisema Kilwa "ilianguka". Aya za juu zilikuwa zimepamba kweli: Kilwa ilikuwa na sarafu zake, na moja ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman imeokotwa Zimbabwe Kuu, Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu mji, dhahabu ya Sofala ilipita hapa. Halafu aya inageuka, Kilwa inaanguka, kama nazi. Nazi huanguka ikikomaa, hakuna wa kumlaumu. Lakini Julai 1505 zilikuja meli za Francisco de Almeida. Askari wake walishuka, wakapora mji, wakajenga ngome, na mwaka 1512 Wareno wakaondoka zao. Nazi hiyo iliangushwa na mtu aliyepanda mnazi na panga mkononi. Sikatai kwamba kabla ya hapo watawala wa Kilwa walikuwa wakigombea kiti wao kwa wao. Nao waandikwe. Ninachodai ni watu waandikwe, hata wakiwa wetu.

Kuna jina jingine lililonichelewesha. Hospitali ya wilaya yetu ipo Kilwa Kivinje na inaitwa Kinyonga. Nimezaliwa hapo. Nilipita miaka 20 nikidhani jina ni la yule mnyama anayebadili rangi. Siku moja nilikuwa nachapa muhtasari wa kikao, nikafika penye Mwembe Kinyonga, vidole vikasimama. Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani, alinyongwa Kivinje mwaka 1895. Miaka 10 baadaye vita ya Maji Maji ilianzia Umatumbi, kwenye milima ya wilaya hiihii, na Wajerumani wakanyonga wengine. Mahali pa kunyongea tunapaita Mwembe Kinyonga. Litazame jina. Mnyongaji ni mwembe! Serikali iliyotoa amri ilikuwa na gavana, ofisi, karatasi na mhuri, lakini jina la kunyonga limebaki kwa mti uliokuwa ukitoa kivuli na maembe.

Ijumaa baada ya yule mwanachuo nilifunga duka mapema, nikapanda daladala kwenda Kivinje. Siendi mara nyingi, ingawa ni karibu. Bodaboda ikanishusha chini ufukweni. Anayetaka mji uliokufa asije siku ya Ijumaa. Mashua zilikuwa zimepanda mchangani, watoto wanacheza mpira karibu na boma la Wajerumani, kina mama wanakaanga samaki, harufu ya dagaa wanaokauka imejaa mtaa mzima. Kwenye baraza la nyumba ambayo ghorofa yake ya juu imekwisha, wazee wanne walikuwa wanacheza bao. Mizizi imepenya ukutani nyuma yao kama mishipa ya mkono. Waliniuliza mimi mtoto wa nani. Nikataja jina la babu, wakanijua mara moja. Sasa huo ni usahaulifu gani?

Nyumba ya babu ilikuwa mtaa wa pili kutoka ufukweni. Nasema ilikuwa. Kwetu wakisimulia habari zake husema hivi: "Mlango uliuzika, halafu ukuta ukabomoka." Nimekua nikiisikia sentensi hiyo, na nimewahi kuwaambia wageni vilevile.

Ngoja niiandike upya kwa ile kauli ninayoitetea. Mwaka niliofaulu kwenda sekondari, mtu alikuja na pikapu akiulizia milango ya zamani. Baba na baba mdogo wakamuuzia mlango wetu wa nakshi, pamoja na fremu yake. Ilikuwa jioni, umeme hakuna, na aliyemshikia fundi tochi wakati anang'oa fremu nilikuwa mimi. Pesa ile ilinunua sare, godoro, ndoo mbili, na ada. Pale palipokuwa na mlango tukapigilia mabati. Fremu ndiyo iliyokuwa imebeba mawe ya juu. Masika ya kwanza ukuta ulipasuka, ya pili ukaja chini. Mawe hayakupotea. Mengine jirani alimalizia jiko lake, mengine sisi wenyewe tulijengea msingi wa choo. Ile sarufi ya kutendwa na kutendeka, ninayojidai nayo leo, nililipiwa na mlango ule.

Hapo ndipo ubishi huu unaponiuma. Ukiuliza nani, jibu la kwanza laweza kuwa wewe. Nadhani ndiyo maana swali lenyewe halipendwi, si na wakubwa tu, hata na sisi wa mitaani. Ni rahisi zaidi wote tukae upande mmoja wa ukuta tukisikitika kwamba mji umesahaulika.

Na kitenzi hicho hakiwafichi wabomoaji peke yao. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka 2004, mwaka uleule gesi ilipoanza kusafiri, yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mwaka 2014 yakatolewa humo. Hayakuokoka yenyewe, yaliokolewa. Zilikuja fedha za wafadhili na wataalamu, ndiyo, lakini walikuwepo pia watu wa Kisiwani kwenyewe, waliopanga mawe, waliopaka chokaa, waliopanda mikoko ili mawimbi yasiendelee kula ufuko. Baadhi yao nimewatolea fotokopi za vitambulisho. Ukiandika mji uliosahaulika unawafuta hao pamoja na waharibifu, kwa kifutio kimoja.

Sisemi kila jambo lina mkosaji. Mei 2024 kilipopita kimbunga Hidaya, mvua zilivuruga barabara ya Dar es Salaam na Lindi, ikakatika huku Somanga, magari yakapanga foleni pande zote mbili. Ilikatika, neno hilo ni halali yake. Lakini haikuunganika. Watu waliiunganisha, mchana na usiku, na matope magotini.

Kuna siku, hata hivyo, kitenzi hiki kilinishinda, na nisipoisimulia nitakuwa nimedanganya. Bibi mmoja alikuja dukani kuandikiwa barua ya kumpelekea mtendaji wa kijiji. Nilikuwa bado na moto wa Kivinje.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Andika hivi: shamba langu la minazi limepotea."

"Bibi, shamba halipotei. Limechukuliwa na nani?"

Akanyamaza. Akatazama nje, kwenye kijiwe cha bodaboda, muda mrefu kidogo.

"Andika limepotea," akasema. "Aliyelichukua nimemzaa mwenyewe."

Nikaandika limepotea. Sikumtoza hela.

Nimelifikiria jambo hilo tangu siku ile. Watu wa pwani tunaishi ukuta kwa ukuta; kikohozi cha jirani unakisikia. Lugha ya watu wa namna hiyo lazima iwe na kitenzi cha kusitiri, la sivyo tusingeweza kusalimiana asubuhi. Lakini angalia ni nani aliyekitumia. Bibi ndiye aliyeumizwa, na stara ni mali yake, anaweza kumpa amtakaye. Mama anaweza kuwaambia wageni sahani imevunjika ili mwanawe asiaibike. Mtoto akisema hivyohivyo hasitiri mtu, anakwepa. Maneno ni yaleyale, kinachotofautiana ni mkono uliokuwa umeshika sahani.

Basi kila ninapoichapa ile sentensi siku hizi namtazama anayeileta. Aliyechukua gesi, mifupa, milango, mbao au kura, halafu akaandika mji umesahaulika, huyo ni mtoto na sahani. Na mimi niliyeshika tochi, nikiwaambia wageni mlango uliuzika, ni mtoto na sahani vilevile. Hatuwezi kujipa stara wenyewe.

Mwanachuo alirudi wiki iliyofuata kutoa nakala ya pili. Nikamuuliza, mdogo wangu, mji huu kausahau nani? Akacheka.

"Kaka, hiyo ni sentensi ya utangulizi tu. Msimamizi ameshaipitisha."

Nikamuuliza kama amefika Kivinje. Alikuwa amekaa Masoko wiki nane, hajafika. Sikumsema sana, maana mimi mwenyewe nilikuwa na zaidi ya mwaka sijaenda. Nikaprinti kurasa zake, bei ileile.

Kwako wewe unayesoma hapa, na pengine unaandika pia, ombi langu ni dogo. Njoo, kwanza. Shuka Kivinje siku ya Ijumaa, kula samaki, kaa na wazee wa bao, wacha wakuulize wewe mtoto wa nani. Ukirudi kuandika, kila kitenzi kitakachotaka kufunga na "-ika", kiulize swali la mama: yenyewe? Kikijibu ndiyo, kama barabara ile na mvua, kiache. Kikibabaika, tafuta mtu umwandike, hata kama ni mtu wa kwenu.

Na ukipita mtaa wa pili kutoka ufukweni utaona kiwanja chenye mawe machache na mpapai. Ukiuliza, utaambiwa mlango uliuzika. Waambie mwenye steshenari wa Masoko kasema hapana, tuliuuza.