KARAKANA YA SHULE ISIWE GHALA

Ndugu wanachama,

Naomba nafasi katika gazeti letu la ukutani nitoe maoni yangu kabla ya mkutano mkuu. Ajenda mnaijua. Bodi ya chama inapendekeza tukatwe shilingi 20 kwa kila kilo ya kahawa mbivu, kwa msimu mmoja, ili tujenge karakana ya vyuma katika shule yetu ya sekondari. Maneno yameshakuwa mengi, kisimani, kilabuni, hata msibani. Wako wanaosema ndiyo, na wako ambao hawataki hata kusikia. Mimi nasema ndiyo, lakini ndiyo yangu ina masharti.

Kwanza nijitie hatiani mwenyewe, maana mficha uchi hazai. Msimu uliopita, kahawa ikiwa imepamba moto, shafti ya mashine yetu ya kumenya ilikatika. Siku ile ile fundi wa hapa kijijini akaichomelea. Ikazunguka mpaka kesho yake mchana, ikakatika tena, safari hii pembeni kidogo ya kiungo. Watu wakamtukana yule fundi, eti mwizi. Jamani, si mwizi. Hakuna aliyemfundisha kwamba chuma cha shafti si sawa na chuma cha dirisha. Chuma chenye kaboni nyingi ukikichomelea kikiwa baridi, kisha ukakiacha kipoe upesi, sehemu iliyo jirani na kiungo inakuwa ngumu lakini kavu kama kigae. Hapo ndipo ufa unapoanzia. Kinatakiwa kipashwe moto kwanza, na baada ya kazi kipozwe polepole. Fundi wetu alijifunza kwa kuangalia, na yule aliyemwangalia naye alijifunza kwa kuangalia.

Basi nikatumwa mimi Mbeya mjini nikakerezewe shafti mpya. Nikaipima ile ya zamani kwa futi kamba, tena nikapima pale pale palipolika. Nikamwambia mkerezaji milimita 39 na nusu. Akanikerezea 39 na nusu, kama nilivyoagiza. Nimerudi, tunavika beringi, inacheza. Tukasema si neno, twende hivyo hivyo. Saa mbili tu, moshi! Nikapanda gari tena kurudi mjini. Kwa jumla zikapita siku nne. Kahawa mbivu inatakiwa ipite mashineni siku ile ile iliyochumwa. Yetu ikachachia mifukoni, na harufu yake mnaikumbuka. Bei tuliyopata mnaijua, sina haja ya kuwatonesha kidonda.

Sasa sikieni kinachoniuma mpaka leo. Beringi ile ilikuwa imeandikwa namba ubavuni: 6208. Yule mkerezaji ndiye aliyenionyesha, safari ya pili. Tarakimu mbili za mwisho, 08, unazidisha kwa 5 unapata 40. Maana yake tundu la beringi ni milimita 40. Kumbe jibu nilikuwa nalo mkononi siku zote, limeandikwa, nami kusoma najua. Nusu milimita, ndugu zangu! Mtoto wa kidato cha pili aliyefundishwa karakana angeniambia kabla sijapanda gari.

Mzee mmoja ambaye namheshimu sana alisema kwenye kikao cha kanda: "Mimi nimeuza kahawa miaka yote hii mwanangu avae tai, asije akavaa ovaroli." Mzee wangu, nakuelewa. Sisi wote tumelelewa hivyo, kwamba anayeshika nyundo ni yule aliyeshindwa kalamu. Lakini hebu tuulizane. Kuchomelea na kukereza ni kazi ya asiyejua hesabu? Geti likiwa halijakaa pembe mraba halifungi, na fundi anayejua analipima kwa 3, 4, 5, hesabu ile ile ya pembetatu inayofundishwa darasani. Kwenye pakiti ya vijiti vya kuchomelea kumeandikwa 6013. Ile 60 ya mwanzo inaeleza nguvu ya chuma cha kiungo, kwamba kinastahimili mvuto wa paundi 60,000 kwa kila inchi ya mraba. Asiyejua kusoma namba hiyo ananunua kwa kuangalia rangi ya pakiti. Tena mwenye kusoma ufundi sekondari hajafungiwa njia. Iko Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, iko Arusha Technical College, na hapa kwetu Mbeya kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Waliosoma shule za ufundi kama Iyunga, Ifunda au Moshi hawakusoma ujinga. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Nawaambia na wazazi wa mabinti: msiwafiche watoto. Kiungo kizuri hakitokani na misuli, kinatokana na mkono uliotulia na jicho lenye subira. Binti anayesuka ukili bila kukosea mstari, huyo mkono tayari anao.

Serikali nayo imefungua mlango. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, sekondari zina mikondo miwili, wa elimu ya jumla na wa amali. Mkondo wa amali ulianza Januari 2024 kwa kidato cha kwanza katika baadhi ya shule, na sera yenyewe ilizinduliwa Dodoma mwaka 2025. Kwa hiyo hatuombi jambo la ajabu.

Lakini hapa, ndugu wanachama, tusishangilie kabla ya kukumbuka. Wazee mliopo mtanisahihisha. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Miaka ya 1970 sekondari zikapewa michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansi kimu. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 vikaja na vituo vya ufundi vya vijana waliomaliza darasa la saba. Fikra ilikuwa nzuri. Vingi vya vituo vile vilikwamia wapi? Si kwenye tofali. Vilikosa zana, vilikosa mbao na vyuma vya kufanyia mazoezi, vilikosa walimu. Jengo likabaki, ndani wakalala popo na magunia. Na wazazi wakahitimisha kwamba ufundi ni pa kuwatupia watoto waliofeli. Hiyo dharau haikutoka hewani, ilitokana na karakana tupu.

Kwa hiyo masharti yangu ni haya, nami nitayasema mkutanoni nikiwa nimesimama.

La kwanza, mwalimu kabla ya tofali. Bodi ituletee jibu la Halmashauri ya Wilaya kwa maandishi, kwamba mwalimu wa fani atakuja na lini. Bila hilo fedha zikae benki.

La pili, fedha zisiishie kwenye jengo na mashine. Tutenge fungu la kila muhula la vitu vinavyokwisha: vijiti vya kuchomelea, mawe ya grenda, misumeno ya chuma, na vyuma chakavu vya kukatia. Mwanafunzi asiyeunguza vijiti vingi hawi fundi, kama vile asiyelima hawi mkulima. Na vijiti vitunzwe pakavu, maana vikipata unyevu kiungo kinajaa matundu.

La tatu, tuanze na vidogo. Najua wapo wanaotaka mashine ya kukereza ije mwezi wa kwanza, ipigwe picha. Hapana. Ianze meza imara yenye jiriwa, tupa, nyundo, na venia ya kupimia ambayo inasoma mpaka sehemu ndogo ya milimita. Mtoto apige tupa kipande cha chuma mpaka kiwe bapa na pembe zake sawa. Atachukia, lakini hapo ndipo anapojifunza kupima. Kisha ije mashine ya kuchomelea. Ya kukereza ije mwisho, tena baada ya kuhakikisha kwamba umeme wa fezi tatu umefika shuleni. Isije ikawa pambo.

La nne, macho ya watoto. Mafundi wetu wa barabarani wanachomelea na miwani ya jua. Nimeona kijana analia usiku kucha, anasema macho yamejaa mchanga. Ile si mchanga, ni mwale wa moto wa umeme umemuunguza jicho, na mwale huo hauonekani. Kila mwanafunzi apate ngao ya uso yenye kioo cheusi namba 10 au 11, glovu za ngozi, na viatu vya kufunika. Bati lenye zinki lisichomelewe ndani ya chumba kilichofungwa, moshi wake unaleta homa. Kama hatuna fedha ya ngao, basi hatuna fedha ya karakana.

La tano, chama kiwape kazi ya kweli, lakini mtoto asiwe kibarua wetu. Meza zetu za kuanikia kahawa zina miguu ya miti, kila mwaka mchwa. Toroli zetu zimevunjika mikono. Mkanda wa mashine hauna kinga, na siku moja utamkata mtu kidole. Hizo ni kazi za kufundishia. Mwalimu asimamie, fundi mzoefu akague, na chama kilipe fedha iingie kwenye lile fungu la vijiti. Tukiwatumia bure tutakuwa tumerudia kosa lile lile la zamani, mtoto analima shamba la shule bila kujifunza kilimo.

Yuko atakayesema: fedha ya kahawa ni ya kahawa, shule ina wenyewe. Ndugu yangu, katika misingi 7 ya ushirika ule wa 5 ni elimu na mafunzo, na wa 7 ni kuijali jamii. Na mwingine atasema wakishajua watakimbilia mjini. Ni kweli, baadhi wataondoka. Leo je, hawaondoki? Wanaondoka mikono mitupu. Akibaki mmoja tu kati ya kumi anayejua kusoma namba ya beringi, mashine yetu haitasimama siku nne.

Fanyeni hesabu nyumbani. Mwenye kilo 1,000 atatoa shilingi 20,000. Kisha akumbuke msimu uliopita alipoteza kiasi gani kwa zile siku nne, alinganishe mwenyewe. Halafu aje mkutanoni apige kura yake kwa moyo mweupe.

Mimi nimekwisha sema. Anayepinga naye aandike, ukuta ni wetu sote.

Ushirika ni nguvu.

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
Mwangalizi wa mashine ya kumenya