Nusu Saa ya Kapteni Pavlík

Jioni ya tarehe 14 Machi 1939 majeshi ya Hitler yaliingia Místek, mji mdogo wa Chekoslovakia. Nchi hiyo ilikwisha kukatwa vipande kule Munich mwaka 1938, na wenyewe hawakualikwa hata kuketi mezani. Kwenye kambi ya Czajánek, Kapteni Karel Pavlík aliwaongoza askari wake kupigana. Walipambana kwa zaidi ya nusu saa, hata mkuu wa kikosi alipoamuru silaha ziwekwe chini.

Wako watakaosema kwamba nusu saa si kitu, na kwamba ofisa mwema hungoja maagizo. Hoja hiyo twaijua sana sisi tuliozoea nyaraka za ofisini! Lakini askari yule aliapa kuilinda jamhuri. Hakuapa kungoja adui amalize kuitwaa. Kesho yake kambi nyingine zilikabidhiwa kimya kimya.

Pavlík hakukoma hapo. Aliingia katika harakati za siri, akakamatwa na Gestapo mwaka 1942. Alifia katika kambi ya mateso ya Mauthausen, Januari 1943.