BARUA YA BWANA SHAMBA: Simu Inapokataa Laini

Ndugu msomaji,

Mwezi huu tuache kidogo habari za mbegu na mbolea. Tuzungumze juu ya simu.

Huenda utauliza, "Bwana Shamba na simu, wapi na wapi?" Jibu langu ni hili. Siku hizi simu ni chombo cha kilimo, kama jembe. Kwa simu unauliza bei ya alizeti kabla ya kupakia magunia. Kwa simu unapokea malipo ya mazao. Kwa simu unamwita mganga wa mifugo ng'ombe akivimba tumbo usiku. Jembe likivunjika mpini, unajua la kufanya. Je, simu ikikataa laini, unajua la kufanya?

Laini ni ile kadi ndogo unayoipachika ndani ya simu. Simu ikishindwa kuiona kadi hiyo, haipigi wala haipokei. Kwenye kioo hutokea maneno ya Kiingereza. Simu nyingi huandika "Insert SIM", maana yake "Weka laini". Nyingine huandika "No SIM", maana yake "Hakuna laini". Nawe unajua kwamba laini umeiweka, imo ndani.

KISA CHA MAMA MMOJA

Katika kijiji kimoja ninachokihudumia yuko mama mmoja, mkulima hodari wa alizeti. Msimu mmoja mvua ya kwanza ilinyesha, watu wakaanza kulima. Siku ya pili yake mama huyo alinijia mbio.

"Bwana Shamba," akasema, "pesa zangu zimekufa."

"Zimekufaje, mama?"

"Laini imekufa. Na pesa zangu za mbegu na za kulimiwa zimo mle ndani."

Alikuwa na shilingi 180,000 kwenye simu. Alikuwa ameziweka tangu mavuno. Asubuhi ile simu iliandika "Insert SIM". Akaipeleka mnadani kwa kijana mmoja. Kijana akamwambia, "Laini hii imekufa. Niachie simu na laini mpaka kesho, nipe shilingi 20,000, na uniandikie namba yako ya siri ya pesa. Nitazitoa pesa zako."

Mama alikuwa amekwisha kukata karatasi ya kuandikia. Kisha akasita. Akakumbuka walivyoambiwa katika darasa la kisomo: namba ya siri haipewi mtu. Ndipo akaja kwangu.

Ndugu msomaji, tulia hapo. Jambo la kwanza la kujua ni hili: PESA HAZIMO NDANI YA LAINI. Pesa zako zimeandikwa katika hesabu za kampuni ya simu, kwa jina lako na namba yako. Laini ni kama ufunguo wa ghala. Ufunguo ukipotea, mahindi hayapotei. Unatengenezewa ufunguo mwingine. Lakini ukimpa mtu ufunguo pamoja na siri ya kufuli, mahindi utayakuta yamekwenda.

CHUNGUZA KABLA YA KUTIBU

Mahindi yakiwa ya njano, hatukimbilii kupiga dawa. Kwanza tunatazama. Je, ni ukosefu wa mbolea? Je, ni maji yaliyotuama? Je, ni ugonjwa? Simu nayo ni hivyo hivyo. Mgonjwa anaweza kuwa simu, anaweza kuwa laini, au ni uchafu tu kati yao. Fuata hatua hizi, moja baada ya nyingine.

Hatua ya 1. Zima simu, kisha uiwashe tena. Mara nyingine hilo peke yake linatosha. Tazama pia kama kuna alama ya ndege juu ya kioo. Alama hiyo ikiwapo, simu imefungiwa mawasiliano yote. Iondoe.

Hatua ya 2. Zima simu. Kama ni kitochi, fungua kifuniko cha nyuma na utoe betri. Laini iko chini yake au kando yake. Kama ni simu janja, laini mara nyingi imo katika kisahani kidogo ubavuni mwa simu. Kisahani hicho hutolewa kwa kuchokoa kitundu chake kwa kipini chembamba. Fanya kazi hii mezani, juu ya kitambaa, si shambani. Laini ikianguka majanini utaitafuta mpaka jioni.

Hatua ya 3. Tazama laini ilivyokaa. Kadi ina pembe moja iliyokatwa. Kando ya mahali pake pana picha ndogo inayoonyesha pembe hiyo ielekee wapi. Upande wenye rangi ya dhahabu ndio unaogusana na simu. Ndani ya simu mna meno madogo ya chuma yanayonepa. Meno hayo yakigusa dhahabu, umeme hupita, na simu huisoma laini. Yasipogusa, simu husema hakuna laini.

Hatua ya 4. Safisha. Jasho, vumbi, unga na mafuta huzuia umeme kupita. Futa upande wa dhahabu polepole kwa kitambaa kikavu cha pamba. Uchafu ukikataa, tumia kifutio cha penseli, kwa mkono mwepesi, kisha pangusa vumbi lake lote. Usitumie mate. Usitumie mchanga, kisu wala mafuta ya taa. Ndani ya simu, pangusa kwa brashi laini na kavu. Usiyachokonoe meno kwa sindano. Jino moja likivunjika, umejitafutia gharama.

Hatua ya 5. Rudisha laini, rudisha betri, washa simu. Kama simu ina mahali pa laini mbili, jaribu pa pili. Laini ikionekana pa pili na kukataa pa kwanza, basi ubovu uko kwenye mahali pale pa kwanza. Endelea kutumia pa pili.

Tahadhari moja. Laini za zamani ni pana, za sasa ni ndogo. Watu wengine hukata laini kwa mkasi ili iingie. Ukikosea kidogo, umeikata dhahabu yenyewe, na laini imekufa. Wengine huingiza laini ndogo katika mahali papana bila ile fremu yake ya plastiki. Laini hucheza huku na huku, au hunasa kwenye meno. Wakala anaweza kukupa laini ya kipimo kinachofaa. Usikate.

JARIBIO LA KUBADILISHANA

Yote hayo yakishindikana, fanya jaribio hili. Ndilo jaribio kubwa kuliko yote, nalo halina malipo. Unahitaji jirani unayemwamini, mwenye simu nzima inayopokea laini ya kipimo chako.

Kwanza, weka laini yako katika simu ya jirani.

Pili, weka laini ya jirani katika simu yako.

Kisha soma matokeo:

Laini yako ikikubali katika simu ya jirani, na laini yake ikikataa kwako, basi laini yako ni nzima. Mgonjwa ni simu. Nenda kwa fundi.

Laini yako ikikataa katika simu ya jirani, na laini yake ikikubali kwako, basi simu yako ni nzima. Mgonjwa ni laini. Nenda kwa kampuni ya simu.

Usinunue simu mpya kabla ya jaribio hili. Nimeona mtu akiuza mbuzi kununua simu, kumbe kilichokufa ni laini tu.

Yule mama tulimfanyia hivyo hivyo. Simu yake alikuwa akiifunga katika pindo la khanga, siku nzima shambani. Laini ilikuwa nyeusi kwa jasho na vumbi. Tukaisafisha, tukairudisha. Simu ikaandika tena "Insert SIM". Mama akashika kichwa.

Nikatoa laini yangu, nikaweka yake katika simu yangu. Tukangoja. Jina la kampuni yake likatokea kwenye kioo. Nikampa simu, nikageukia pembeni. Akabonyeza mwenyewe namba za kuuliza salio, akaingiza namba yake ya siri. Ujumbe ukaingia. Akausoma polepole, herufi kwa herufi, kwa sauti: "Salio lako ni..." Zilikuwapo zote, shilingi 180,000. Hakuna hata moja iliyokufa.

Siku ileile mwanawe akampa simu yake aweke laini. Mama akalipa mbegu, akamlipa mwenye ng'ombe wa kulimia. Simu yake aliipeleka kwa fundi baadaye. Jino moja ndani lilikuwa limelala.

KAMA LAINI IMEKUFA

Nenda kwenye duka la kampuni ya simu yako, au kwa wakala wake anayetambulika. Chukua kitambulisho chako cha Taifa au namba yako ya NIDA. Tangu mwaka 2019 laini nchini Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo nenda mwenyewe. Usimtume mtoto. Utapewa laini mpya yenye namba yako ileile, na pesa zako zitakuwapo. Uliza gharama kabla.

Sisi wenye kazi ya jembe, alama za vidole huchakaa. Mashine ikikataa kidole kimoja, osha mikono, kausha vizuri, jaribu kidole kingine.

Jambo hili litakuwa rahisi tu kama laini ni ya jina lako. Kama ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, yeye ndiye mwenye haki ya kurudishiwa namba. Kujua namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106# na ufuate maelezo. Fanya hivyo leo, laini ikiwa bado nzima.

UNAPOKWENDA KWA FUNDI

Toa laini yako kabla ya kumwachia simu. Fundi anatengeneza simu, hana haja na laini yako kulala kwake. Na fundi hana haja na namba yako ya siri. Hata mfanyakazi wa kampuni hana haja nayo. Hata mimi Bwana Shamba. Mtu akiiomba, mwache, ondoka.

Mara nyingine simu inaiona laini, lakini mtandao hakuna. Hilo ni jambo lingine. Uliza majirani wenye mtandao kama wako. Kama wao pia hawana, subirini mnara utengenezwe. Lakini kama wao wanao, wewe peke yako umekatika ghafula, usilale. Azima simu ya mtandao uleule, piga 100, uiulize kampuni. Huenda mwizi amejitengenezea laini yenye namba yako.

Na simu ikikuomba namba ya PUK, usibahatishe. Laini imeonekana, ila imejifunga. Ukikosea namba hiyo mara 10, laini inakufa kabisa. Iombe kampuni ikupe namba sahihi.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Usiweke simu katika mfuko mmoja na mbolea. Mimi mwenyewe niliwahi kupima mbolea ya Urea huku simu iko mfukoni mwa shati. Punje chache ziliingia. Mbolea hiyo huvuta maji hewani. Baada ya wiki chache laini ilikuwa inaonekana asubuhi na kupotea mchana. Fundi alipofungua, alikuta kutu ya kijani kwenye meno. Tangu siku ile naifunga simu yangu katika mfuko safi wa plastiki ninapokwenda shambani.

Simu ikiingia maji, izime mara moja, toa betri na laini, anika kivulini. Usiiweke karibu na jiko.

Na la mwisho. Majina na namba za watu ulizozihifadhi katika laini hufa pamoja na laini. Kampuni inaweza isikurudishie. Lakini wewe sasa unajua kuandika. Chukua daftari, andika namba ya mwanao, ya daktari wa mifugo, ya mnunuzi wa mazao na ya wakala. Lihifadhi ndani ya sanduku. Daftari halihitaji chaji wala mtandao.

Mpaka mwezi ujao, nawatakia kazi njema.

Ndimi, Bwana Shamba wenu.

MANENO YA KUJIFUNZA
Laini: kadi ndogo ya simu yenye utambulisho wa namba yako.
Salio: kiasi cha pesa kilichobaki.
Namba ya siri: namba unayoijua wewe peke yako.
Wakala: mtu aliyeruhusiwa kufanya kazi kwa niaba ya kampuni.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI
1. Pesa za yule mama zilikuwa wapi simu ilipokataa laini?
2. Kwa nini tunabadilishana laini na jirani kabla ya kwenda kwa fundi?
3. Yule kijana wa mnadani aliomba vitu gani? Kipi hakustahili kupewa?
4. Je, laini yako imesajiliwa kwa jina la nani?
5. Andika katika daftari lako namba tano ambazo hutaki zipotee.