Kontena la Tunduma si la Tunduma



Nimepotea kidogo, test zilitubana. Haya, nimerudi, na leo nina hoja moja ya nyumba za makontena maana naona limeshakuwa wimbo hapa chuoni. Kila wiki kuna mtu anapitisha picha kwenye simu: kontena limepakwa rangi, limekatwa dirisha kubwa la kioo, ndani sofa na maua, chini wameandika eti nyumba ya bei poa. Na kwa kuwa darasani wanajua natokea Tunduma, swali linakuja kwangu moja kwa moja: "Si kwenu makontena yamejaa barabarani? Mbona watu bado wanahangaika na tofali?"

Ni kweli yamejaa. Mimi nimekua nikiyaangalia. Kituo cha pamoja cha forodha na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019, lakini foleni ya malori ikikolea bado unaikuta mpaka Mpemba. Sasa siku moja mkipita, someni ubavu wa kontena. Kuna herufi 4, ya mwisho ni U, halafu tarakimu 7. Zile herufi 3 za mwanzo zinamtaja mwenye mali, yaani kampuni ya meli au ya kukodisha makontena. Mfanyabiashara wa Lusaka au Lubumbashi ameazimwa tu. Kaweka dhamana, akishusha mzigo anatakiwa arudishe kontena tupu, na akichelewa faini inahesabiwa kwa siku. Kwa hiyo yale mnayoyaona Tunduma yanapita tu, kama nyie mnavyopita kwenda kununua mitumba Nakonde.

Kontena linalouzwa ni lile lililochoka kazi ya baharini, na kwa kawaida utalipata Dar. Hapo ndo safari inaanza. Zaidi ya kilomita 900 kupandisha, na lori linalopanda huku lina mzigo wa watu tayari, kwa hiyo nafasi utailipia kamili. Kreni ya kupakia Dar, kreni ya kushushia Tunduma. Wakati huohuo udongo wa tofali uko uwanjani kwako, na saruji inatengenezwa pale Songwe (sio mkoa jamani, Songwe ile ya Mbeya yenye kiwanda). Mtu wa ukadiriaji majenzi mwaka wa kwanza tu anaona shida iko wapi.

Tuseme umepata la bure. Twende ndani. Kontena la futi 20 ndani lina urefu wa mita 5.9, upana mita 2.35, kwenda juu mita 2.39. Weka kitanda cha futi 6 kikate upana, unabaki na nusu mita ya kupita, ubavuubavu. Na huwezi kuliacha bati tupu. Bati lile ni kama milimita 2 tu za chuma, na Juni na Julai kwetu nani asiyejua baridi yake? Watu wawili wakilala mlango umefungwa, pumzi zao zinagusa chuma cha baridi zinakuwa maji, alfajiri dari inawadondoshea usoni. Saa nane mchana wa Oktoba ni tanuri. Basi inabidi uweke fremu za mbao, matirio ya kuzuia joto na baridi, jipsam juu yake. Sentimita 5 kila upande na upana umeshuka hadi 2.25. Hapo umeshajenga nyumba nyingine ndani ya kontena, ila fundi umemlipa mara mbili.

Na lile dirisha la kwenye picha? Nguvu ya kontena iko kwenye nguzo za kona na zile kuta zenye mikunjo zinazoishikilia fremu. Ndiyo maana melini yanapandishwa moja juu ya jingine na hayabonyei. Ukikata ukuta wa ubavuni kwa grainda lazima urudishe fremu ya chuma kuzunguka tundu, la sivyo linaanza kulegea. Sakafu nayo ni plaiwudi nene iliyotiwa dawa ya wadudu ili isisafirishe mchwa kwenda nchi za watu. Aina ya dawa mara nyingi imeandikwa kwenye kibao cha chuma mlangoni, pamoja na mwaka wa kutengenezwa. Anayelaza mtoto juu yake akisome kwanza. Umeme sisemi sana: waya mmoja ukichubuka bila ethi, nyumba nzima imegeuka waya.

Haya yote siyasemi kwa kupenda ubishi. Baba yangu mdogo amevuna kahawa vizuri Mbozi, ana kiwanja Tunduma, na kuna kijana amemshawishi anunue makontena matatu apangishe. Hela yenyewe ndo hiyohiyo inayosomesha wadogo zangu wawili. Na wapangaji wapo kweli: sensa ya 2012 Tunduma haikufika watu laki moja, sensa ya 2022 imepita laki mbili. Vyumba vinatakiwa. Ila mpangaji wa Tunduma, akiwa na hela ileile, atachagua chumba cha tofali futi kumi kwa kumi, na baba mdogo atabaki na mabati yake matatu. Nimemwambia anunue moja, aliweke mbele, liwe duka. Kwa duka halina mpinzani: linafungwa, mwizi hatoboi ukuta, na barabara ikipanuliwa linabebwa.

Kuna mshkaji hapa hosteli ananitajia Amsterdam kila tukibishana. Sawa, Keetwonen ilikuwa na vyumba zaidi ya 1,000 vya wanafunzi, walianza kuingia miaka ya 2005 na 2006. Lakini zile zilitengenezwa mpya China, kwa ajili ya kulala watu, na vizuia baridi vyake. Hazikuwa makuukuu ya bandarini. Mfano wa nyumbani ni hosteli za Magufuli pale Mlimani, 2017: wanafunzi 3,840 kwa shilingi bilioni 10 tulizotangaziwa. Gawanya mwenyewe, ni kama milioni mbili na laki sita kwa kitanda, na ni ghorofa za zege. (Najua, mtaniletea habari ya nyufa. Bado ni zege.)

Sasa kuna watu wa Tunduma ambao kontena lingewafaa kweli na hakuna anayewachorea picha: madereva. Mtu anakaa siku kadhaa kwenye foleni, analala kwenye kabini, anaoga kwa ndoo nyuma ya tairi, akiumwa anameza panadoli. Mwaka 2005, Mwanza ya Malawi, mpakani na Msumbiji, waligeuza kontena kuwa kliniki ya barabarani. Mradi ule ukakua ukaitwa North Star Alliance, na Kenya waliweka kliniki za namna hiyo Mlolongo na Salgaa kwenye njia ya malori. Dereva anapimwa malaria, presha, HIV, anapewa dawa, anaondoka. Hapo udogo wa kontena hauumizi maana hakuna anayehamia. Anayelala ni wa usiku mmoja au miwili, kitanda cha juu na cha chini vinatosha.

Ningekuwa na sauti halmashauri ya mji, ningeomba makontena manne tu kwenye maegesho ya malori. Moja mabafu, moja vyoo, moja kliniki, moja vitanda, na dereva achangie kidogo kama anavyolipia maegesho. Maji ndo kazi kubwa hapo kuliko kontena lenyewe, na michoro ya maji bado sijamaliza. Kama kuna mtu wa civil anayejua mashimo ya maji taka kwenye udongo mfinyanzi, anitafute kantini baada ya saa kumi.