NYOTA ZA HOTELI NI JASHO LETU



Wenye mahoteli hapa Eldoret wanapenda kujisifu kwa nyota na zawadi. Yafaa sisi tunaofanya kazi humo tujue maana ya mambo hayo, kwa kuwa yanatuhusu.

Ziko ngazi za namna tatu, wala zisichanganywe. Kwanza ni nyota, moja hadi tano. Hizi hutolewa na Mamlaka ya Kusimamia Utalii, iliyowekwa kwa Sheria ya Utalii ya 2011. Wakaguzi hutumia kipimo kimoja cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo nyota tatu za Eldoret zapaswa kuwa sawa na nyota tatu za Arusha au Kampala. Pili ni ngazi ya bei: wafanya biashara ya safari huzigawa hoteli kuwa za anasa, za kati na za bei nafuu. Tatu ni zawadi, kama World Travel Awards zilizoanza 1993. Huko watu hupiga kura, na hoteli hushindana na za aina yake, ya biashara na ya biashara, ya pwani na ya pwani.

Basi mkaguzi hutazama nini? Hutazama jengo, maji ya moto, jiko na vifaa vya kuzimia moto. Lakini hutazama pia usafi wa vyumba, namna mgeni anavyopokewa, na ujuzi wa watumishi. Na mgeni anayepiga kura hakumbuki saruji. Mkimbiaji apitaye hapa kwenda Iten akumbuka chakula na shuka safi. Dereva wa lori la Malaba akumbuka askari aliyemfungulia lango usiku wa manane. Hiyo ni kazi ya mpishi, weta, dobi na mlinzi.

Neno letu ni hili. Hoteli haiwezi kuwa ya nyota nne mbele ya mgeni, halafu siku ya mapatano ya mishahara ikajiita kibanda cha chai. Bei ya chumba ikipandishwa kwa sababu ya nyota, mshahara nao upande.

Tena, amri za serikali za mshahara wa chini nazo hupanga mahali kwa ngazi: miji mikuu, manispaa za zamani, na sehemu nyingine zote. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024. Kila mmoja na aisome amri, aone mji wetu umewekwa safu gani, na kama analipwa kwa safu hiyo.

Kwa hiyo twawaomba wajumbe wa kila hoteli: jueni nyota za hoteli yenu na bei za vyumba vyake, mlete habari hizo kwa chama kabla ya mapatano. Anayekwenda mezani bila hesabu hurudi mikono mitupu.

Umoja ni nguvu.